Kuweka Chrome kwenye iPhone hakutengenezi ukurasa

Juzi mama mmoja anayeuza vitenge Kamalondo, hapa Lubumbashi, alinipigia simu: "Mwanangu, kitufe cha kuagiza hakionekani kwenye iPhone yangu. Mtoto wa dada kaniambia niweke Chrome. Nimemaliza mega zangu kuipakua, na kitufe bado hakuna."

Mega za mama zimekwenda bure, na hilo ndilo linaloniuma. Ushauri wa "weka Chrome" nausikia hata kwa watu wanaolipwa kutengeneza tovuti.

Ndugu zangu, kwenye iPhone zetu Chrome na Firefox huchora ukurasa kwa WebKit, injini (programu inayochora ukurasa) ileile ya Safari, kivinjari cha Apple. Ndivyo kanuni za Apple zinavyotaka. Katika Umoja wa Ulaya sheria ilizifungulia injini nyingine mlango mwaka 2024, kuanzia iOS 17.4, lakini simu ya Kamalondo haiguswi na sheria hiyo. Tena WebKit huja pamoja na iOS. Simu iliyobaki kwenye iOS 14 ina injini ya iOS 14, hata ukiijaza vivinjari kumi. Android ni habari nyingine: huko Chrome hubeba injini yake, Blink, na Firefox hubeba yake, Gecko.

Sasa kitufe. Katika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, aliyeutengeneza aliandika height: 100vh, yaani kimo sawa na skrini nzima. Kwenye simu, 100vh hupimwa kana kwamba upau wa anwani umeshajificha. Upau ukiwapo, sehemu ya chini ya ukurasa huzama, na kitufe kilikuwa hukohuko. Chrome ya Android hupima hivyohivyo, kwa hiyo msiniambie ni ubaya wa Safari! Dawa ni svh (kimo upau ukionekana) au dvh (kimo cha wakati huohuo), vipimo vilivyoingia mwaka 2022: Safari 15.4, Firefox 101, Chrome 108. Mstari wa 100vh ubaki ulipo, chini yake andika 100svh. Kivinjari kisichoujua kitauruka.

Kati ya hizo mbili, bado nasitasita. dvh hufuata upau, na ukurasa hubadilika kimo msomaji anaposogeza. svh imetulia, ila huacha nafasi tupu upau ukijificha. Kwa duka nachagua svh, bila uhakika kamili.



Na min-width: auto, kanuni ya CSS ya upana wa chini kabisa, nisiiache. Kiswahili hubeba sentensi nzima katika neno moja. "Tutakapowapelekea" haikatiki, na kisanduku cha flex (mpangilio wa CSS wa kuweka visanduku kwa safu) hakikubali kuwa chembamba kuliko neno lake refu. Herufi za Android na za iPhone hazilingani upana, basi neno linatoshea kwenye simu moja na kumwagika kwenye nyingine. Watu husema vivinjari vinagombana, kumbe vyote vinatii kanuni moja. Weka min-width: 0 na overflow-wrap: anywhere.

Ukiniletea hitilafu ya iPhone, nitumie picha ya skrini na toleo la iOS. Jina la kivinjari halitanisaidia.