Mungu wa Waislamu: yanayosemwa mtaani na ukweli wenyewe

Hapa Moshi familia nyingi ni mchanganyiko, ukienda kihambani (shamba la ukoo) Desemba unakuta shangazi Mlutheri, baba mdogo Muislamu, mama mkubwa Mkatoliki, na nyama wanakula wote pamoja (kachinja baba mdogo, hilo halina mjadala). Sasa pamoja na ukaribu wote huo bado kuna vitu vinasemwa kuhusu Mungu wa Waislamu ambavyo sio kabisa, na vinaniuma kwa sababu wanaovisema ni watu wetu wenyewe, tunapendana.

Eti Waislamu wanaabudu mwezi. Hii imetokana na ile alama ya mwezi na nyota juu ya misikiti. Jamani ile alama haimo kwenye Quran, wala Mtume hakuiweka kwenye msikiti wake Madina, ilikuja kuenea sana enzi za dola ya Ottoman kule Uturuki, karne nyingi baadaye. Mwezi tunautazama kwa ajili ya kalenda, tujue Ramadhani imeingia au Idi ni kesho, basi. Na Quran sura ya 41 aya ya 37 imekataza wazi, msilisujudie jua wala mwezi, msujudieni Mungu aliyeviumba.

Eti wanaabudu Kaaba, lile jengo la Makka, na lile jiwe jeusi lililo kwenye kona yake. Hapa nikae kidogo maana hata Waislamu wengine wanashindwa kujibu. Kaaba ni kibla, yaani upande wa kuelekea wote kwa pamoja, na mwanzoni Waislamu walikuwa wanaswali kuelekea Jerusalem, kibla kikabadilishwa mwaka wa 2 baada ya Hijra (Mtume kuhamia Madina), sasa kama tungekuwa tunaabudu jengo ina maana tulibadilisha Mungu mwaka huo? Halafu Mtume alivyoikomboa Makka mwaka 630 alikuta masanamu 360 kuizunguka Kaaba, yote yakaangushwa, na kwenye sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, tunasoma Bilal, muadhini wake, akapanda juu ya paa la Kaaba akaadhini. Unachokiabudu unakipanda kwa miguu? Na lile jiwe, Umar bin Khattab, sahaba wa Mtume, alisimama mbele yake akaliambia najua wewe ni jiwe tu, hudhuru wala hunufaishi, na nisingemuona Mtume anakubusu nisingekubusu. Maneno hayo yamo kwenye kitabu cha hadithi cha Bukhari.

Eti wanamuabudu Muhammad. Siku Mtume alipofariki, mwaka 632, watu walichanganyikiwa, wengine wakakataa kabisa kwamba amekufa, akatoka Abu Bakr, rafiki yake wa karibu kuliko wote, akawaambia aliyekuwa anamuabudu Muhammad basi Muhammad amekufa, na anayemuabudu Mungu basi Mungu yu hai hafi. Yaani maiti bado iko ndani, mtu ana msiba mzito namna ile, na bado anaweka mpaka.

Sasa kuna hili la Mungu wa Waislamu ni mkali, hana upendo. Sura 113 kati ya 114 zinaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu Mwingi wa rehema Mwenye kurehemu. Na kuna hadithi naipenda sana, waliletwa mateka, kukawa na mama anahangaika huku na huku anatafuta mtoto, alipompata akamkumbatia akamnyonyesha, Mtume akawauliza masahaba, mnamuona huyu anaweza kumtupa mwanae motoni? Wakasema hapana. Akawaambia Mungu ana huruma kwa waja wake kuliko huyu mama kwa mtoto wake. Adhabu ipo, siwezi kuificha, ila anayetubu mlango uko wazi.

Kuhusu Mungu kuwa na umbo, hamna. Mtoto wa madrasa pale Majengo anaijua Kulhuwallahu, sura ya 112 ya Quran, kabla hajajua kusoma vizuri, aya 4 tu: Mungu ni mmoja, ndiye anayetegemewa na wote, hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana anayefanana naye. Ndio maana hukuti picha yake msikitini. Yesu tunamkubali kama nabii Isa, aliyezaliwa na Maryam bila baba, ila hatusemi ni mwana wa Mungu, na hapo ndipo tunapotofautiana kweli na ndugu zetu, tusidanganyane.

Nisiwaseme Wakristo peke yao. Kuna Waislamu wanaamini hirizi ndio inalinda duka, wanamfungia mtoto kiunoni, biashara ikiyumba wanakimbilia kwa mganga, na huyo huyo mtu kwenye rakaa zake 17 za faradhi kila siku anasoma wewe tu tunakuabudu na wewe tu tunakuomba msaada. Kwenye hirizi yenye aya za Quran tupu masheikh wametofautiana toka zamani, wengine wameruhusu wengine wamekataa, ila hiyo yenye michoro na majina usiyoyajua, au kuliita jini likusaidie, hapo hamna sheikh anayeijua dini atakayekuruhusu.