Abiria wa Titanic hawakupita ukumbi huu

Kila kundi ninaloliongoza La Cité de la Mer, makumbusho ya bahari ya Cherbourg, Ufaransa, halikosi mtu wa kusimama kwenye ukumbi wa mizigo na kusema: "Kumbe hapa ndipo walipopita abiria wa Titanic!"

Hawakupita. Titanic ilifika Cherbourg tarehe 10 Aprili 1912. Jengo hili, ambalo zamani lilikuwa kituo cha abiria wa meli, kazi ya msanifu René Levavasseur, lilizinduliwa na Rais Albert Lebrun mwaka 1933, yaani miaka 21 baadaye. Kinachowachanganya watu ni maonyesho ya Titanic yaliyowekwa humo ndani, na wapo waongozaji wanaowaacha waamini hivyo kwa kuwa hadithi inanoga. Inanikera sana.

Tena Titanic haikufunga gati kabisa. Wakati ule Cherbourg haikuwa na gati la kuipokea meli kubwa namna ile, ikatia nanga majini saa 12:30 jioni. Abiria walipelekwa na meli ndogo mbili: Nomadic ilibeba daraja la kwanza na la pili, Traffic ikabeba daraja la tatu na mifuko ya barua. Walikuwa wamesubiri mno. Titanic ilipokuwa ikiondoka Southampton, maji iliyoyatibua yalikata kamba za meli New York iliyokuwa imefungwa gatini, nusura zigongane, safari ikachelewa kama saa nzima. Saa 2:10 usiku iling'oa nanga. Mwenye hamu ya kukanyaga pale walipokanyaga abiria wale aende Belfast, Nomadic iko huko.

Adha hiyo ya kuhamishiwa baharini ndiyo jengo hili lilikuja kuiondoa: treni ya Paris iliingia mpaka ndani, abiria akapita forodha, akavuka daraja hadi melini.

Kuna mengine ninayoyasikia kwa wageni. "Jengo lilinusurika vita." La. Wajerumani walililipua mwaka 1944, na mnara wake haukujengwa tena.

"Nyambizi ina mionzi." Le Redoutable, nyambizi ya nyuklia inayoonyeshwa hapa, iliondolewa sehemu nzima yenye kinu cha nyuklia kabla ya kuonyeshwa, ikaungwa kipande kitupu. Ingieni bila hofu.

"Bandari imekufa." Meli za kitalii bado zinafunga kwenye gati la Quai de France, kando ya jengo. Ikitokea siku ya ziara yenu, itazameni kwanza kabla ya kukata tiketi.