Jamii ya mtandaoni ya biashara ni nini hasa, na mbona grupu lako limenyamaza?

Kwa lugha nyepesi, ni watu waliokutana kwa sababu ya biashara yako, halafu wakabaki kwa sababu wana ya kuongea wenyewe kwa wenyewe. Mtu ana wafuasi elfu kumi akwambia ana jamii, jamii wapi, hao ni wapita njia waliogeuza shingo.

Fikiria zile baraza za nje ya nyumba Mji wa Kale, Mombasa. Mwenye nyumba ndiye aliyeijenga, lakini akiingia ndani kuswali akirudi awakuta bado wabishana mpira. Sasa wewe kaa kimya wiki moja tu kwenye grupu lako, kuna mtu atauliza kitu na mteja mwengine amjibu? Kama hakuna basi una kipaza sauti. Na si vibaya, WhatsApp tangu 2018 yamruhusu admini afunge grupu aongee yeye peke yake, na siku hizi grupu laingia hadi watu 1,024, kwa matangazo safi kabisa, ila usiliite jamii.

Chukua muuza leso wa Biashara Street, Mombasa, na kila leso ina maneno yaliyoandikwa, ndiyo jina lake. Akiposti picha na bei kila asubuhi watu wataangalia wapite, lakini siku atakayouliza "hili jina la leso wewe walielewaje?" utaona moto, huyu asema ni fumbo la kumpiga mke mwenza, yule asema hapana ni la mama mkwe, mwengine atoa picha ya pea aliyovaa harusini, mwengine auliza rangi yachuja ama haichuji na wenzake wamjibu kabla mwenye duka hajaiona meseji. Hapo ashajua mzigo ujao alete majina gani bila kumuuliza mtu.

Kinachoua haya yote ni "bei njoo inboksi". Wallahi sijui nani aliianzisha. Mmoja ameuliza, hamsini walitaka jibu hilohilo wakaona haya, na wewe umeenda kumnong'oneza mmoja pembeni!

Halafu usikate tamaa ukiona wengi kimya. Jakob Nielsen, mtu wa utafiti wa mambo ya mtandao, aliandika 2006 kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni watu 90 kwa 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye abebaye mazungumzo. Kwa hivyo grupu la watu 200 waongeaji wa kweli ni kama wawili hivi, watunze hao kama mboni ya jicho, na wale kimya usiwatoe maana wengine ndio wanunuzi wako wakubwa.

Kosa la mwisho ni kuingiza watu kwenye grupu bila kuwauliza, kwa sababu tu ulipata namba zao walipokulipa kwa M-Pesa. Mimi nishajikuta kwenye grupu la viatu vya mtumba saa tano usiku, namba yangu wazi mbele ya watu mia tatu, asubuhi watu nisiowajua waniandikia "mambo mrembo". Nikatoka, na viatu vyao sikununua tena. Isitoshe Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na namba ya mtu ni data yake, si ya kuchezewa kibiashara bila ridhaa. Bandika linki kwenye stetasi au kwenye mfuko wa bidhaa, atakaye aingie kwa mguu wake, na akitoka usimfuate kumuuliza kwa nini.