Je, wajua namba ya oktani haipimi nguvu ya petroli?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba petroli ya 95 ina nguvu kuliko ya 91, na kwamba ya 98 inazishinda zote. Namba ni kubwa, bei iko juu, basi lazima kuna moto zaidi ndani yake. Kila nilipokuwa na safari ndefu nilijaza ya juu, na ningeapa kwamba gari limechangamka. Siku fundi mmoja aliponiambia kuwa petroli ya namba kubwa ndiyo ngumu zaidi kuwaka yenyewe, nilibishana naye. Mafuta yasiyotaka kuwaka yatakuwaje ndiyo mafuta bora?

Kosa hili limeenea mno, kwa hiyo tulichambue kwanza. Kilo moja ya petroli, iwe ya 91 au ya 98, hutoa takriban megajuli 43 hadi 44 za nishati ikiungua yote. Tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kiasi kwamba dereva hawezi kuihisi mguuni. Ushahidi unaonifurahisha kuliko wote ni ethanoli. Oktani yake inapita 100, lakini kilo yake hutoa megajuli 27 tu. Kama namba ingekuwa nguvu, ethanoli ingeiacha petroli mbali. Badala yake, gari linaloendeshwa kwa ethanoli hunywa lita nyingi zaidi kwa umbali uleule.

Wengine husema petroli ya namba kubwa husafisha injini. Kinachosafisha injekta na vali ni viambato maalumu vinavyotiwa kwenye mafuta. Mwuzaji anaweza kuvitia kwa wingi katika petroli yake ya bei ya juu, kisha sifa ikaenda kwa oktani. Wapo pia wanaosema ya namba kubwa huungua polepole. Hao wameukaribia ukweli bila kuufikia: kasi ya moto ukishawashwa ni jambo moja, na urahisi wa mafuta kujiwasha bila cheche ni jambo jingine. Oktani hupima hilo la pili. Ni kipimo cha subira: petroli inaweza kubanwa na kupashwa joto kiasi gani kabla haijawaka yenyewe?

Subira hiyo inahitajika kwa sababu ya namna injini inavyofanya kazi. Tangu Nikolaus Otto alipounda injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, mpango ni uleule: vuta mchanganyiko wa hewa na petroli, ubane, uwashe, toa moshi. Ukiona kwenye kitabu cha gari uwiano wa mgandamizo umeandikwa 10:1, maana yake ni kwamba pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya mtungi uitwao silinda, ikiwa chini kabisa nafasi iliyo juu yake ni mara kumi ya ile inayobaki ikifika juu. Kadiri uwiano unavyopanda, ndivyo injini inavyopata kazi nyingi zaidi kutoka kwa tone lilelile la mafuta. Ndiyo maana watengenezaji wamekuwa wakiupandisha, na Mazda imefika 14:1 katika baadhi ya injini zake za petroli.

Lakini hewa ikibanwa hupata joto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi ncha ya pampu inavyochoma vidole. Ndani ya silinda yenye uwiano wa 10:1, mchanganyiko hukaribia nyuzi joto 400 hata kabla plagi haijatoa cheche.

Cheche nayo ina siri yake. Wengi hudhani inailipua petroli kwa pigo moja. Fikiria badala yake uwanja wa nyasi kavu uliowashwa kwenye kona moja. Moto hautokei uwanja mzima kwa pamoja. Unatembea kutoka unyasi hadi unyasi. Ndani ya silinda unatembea upesi sana, na injini ikiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika unamaliza kazi kwa milisekunde mbili tatu hivi, ila ni mwendo bado, wala si mlipuko. Kwa kuwa mwendo huo unahitaji muda, cheche hutolewa pistoni ikiwa bado inapanda, ili kani ya juu kabisa ifike pistoni ikiwa imeanza kushuka. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea. Ukimsukuma anapoanza kuondoka kwako, anaruka juu. Ukimsukuma akiwa bado anakujia, unaumiza mikono yako na bembea inagoma.

Sasa rudi kwenye uwanja wa nyasi na utazame kona ya mbali, ile ambayo moto haujaifikia. Gesi inayoungua inatanuka na kuubana mchanganyiko uliobaki ukutani, na kila inapoubana inaupasha joto zaidi. Petroli yenye subira husubiri moto uifikie. Isiyo na subira huwaka yote kwa mara moja, bila kuguswa. Hapo ndipo mafundi husema injini inagonga. Mawimbi ya kani hudunda kutoka ukuta hadi ukuta wa silinda, na kwa silinda yenye upana wa milimita 86 hudunda kama mara 6000 hadi 7000 kwa sekunde. Masikioni unasikia kokoto zikitikiswa ndani ya kopo. Husikika zaidi unapopanda mlima kwa gia kubwa huku umekanyaga mafuta: silinda zimejaa, mizunguko iko chini, na ile kona ya mbali inapata muda mrefu wa kupashwa joto.

Niliwahi kushika pistoni iliyogongwa kwa muda mrefu. Ukingo wake wa juu, upande mmoja tu, ulikuwa na vitundu vingi vidogo, kana kwamba mtu ameupiga kwa mchanga mkali. Chini kidogo, ule ukuta mwembamba unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka kipande cha ukubwa wa ukucha. Kwa kawaida kuna tabaka jembamba la gesi isiyo ya moto sana linaloikinga aluminiamu. Mawimbi yale hulipangusa, na joto lote likaingia kwenye pistoni.

Namba yenyewe hupatikana kwa kulinganisha. Mwaka 1926 mkemia Graham Edgar alichagua vimiminika viwili vya kupimia: heptani ya kawaida, ambayo hugonga upesi sana, ikapewa 0, na isooktani, ambayo huvumilia, ikapewa 100. Molekuli ya heptani ni mnyororo ulionyooka, rahisi kukatika kwa joto; ya isooktani imejikunja na kuwa na matawi, kama fundo lililokazwa. Petroli hupimwa kwenye injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake hubadilishwa ikiwa inanguruma. Ikigonga sawa na mchanganyiko wenye asilimia 95 ya isooktani kwa ujazo, inaitwa 95. Hicho ni kipimo cha RON (Research Octane Number). Kipo kingine chenye masharti makali zaidi, MON (Motor Octane Number), na Marekani huandika wastani wa hivyo viwili kwenye pampu, ndiyo maana 87 ya huko inakaribiana na RON 91 au 92.

Kabla ya usafishaji wa mafuta kufikia ubora wa leo, subira hiyo ilinunuliwa kwa sumu. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba kiasi kidogo cha metali ya risasi huzuia injini kugonga. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuuza petroli ya risasi kwa magari, iliacha mwaka 2021.

Je, 95 haina maana basi? Ina maana pale injini inapoihitaji. Magari ya sasa yana sensa ya kugonga iliyofungwa kwenye bloku, na kompyuta ikipata ishara yake huchelewesha cheche. Gari lililoundwa kwa 95 ukilitilia 91 kwa kawaida halitagonga kwa sauti, ila litapungua nguvu kidogo na kula mafuta zaidi. Lililoundwa kwa 91 kwa kawaida halipati chochote cha maana kwa 98, ingawa baadhi ya injini, hasa zenye tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), kompyuta zake huweza kuwahisha cheche zaidi zikipewa mafuta yenye subira. Tazama kitabu cha gari au ndani ya kifuniko cha tangi.

Na gari likigonga ilhali linapewa mafuta yake sahihi, kuna hitilafu mahali: kaboni iliyojaa kichwani mwa pistoni, plagi zisizo za injini ile, injekta iliyoziba ikatia petroli kidogo mno kwa hewa iliyopo, au injini inayochemka. Tahadhari moja: si kila mlio ni huu. Mlio mzito wa kugonga unaotoka chini ya injini unaweza kuwa beringi ya koneksheni rodi, ule mkono unaoshikilia pistoni, na hiyo huendelea hata mafuta yakiwa sahihi. Mlio wa petroli huja unapokanyaga mafuta na kuondoka unapoachia mguu.

Gari langu liliwahi kugonga hivyo mlimani. Nilijaza 98, mlio ukanyamaza, nikaridhika. Kumbe rejeta ilikuwa imeziba nusu na injini ilikuwa ikienda kwa joto lililozidi. Wiki chache baadaye moshi mweupe ulianza kutoka kwenye silensa, na fundi alipofungua kichwa cha injini alinionyesha gasketi iliyoungua kati ya silinda ya pili na ya tatu.