Bahari nayo huishiwa chuma, afu hewa ukaa inaenda wapi?

Mjamzito akienda kliniki anapewa vidonge vya madini ya chuma, hilo kila mtu analijua. Kumbe hata bahari nayo huishiwa chuma, na sio kona moja tu, ni sehemu kubwa ya bahari inayozunguka Antaktika pamoja na sehemu za Pasifiki.

Iko hivi. Juu juu ya maji kuna vimea vidogo sana, fitoplanktoni, kazi yao ni ileile ya mahindi shambani, vinavuta hewa ukaa na kwa nguvu ya jua vinajitengenezea chakula. Kule kusini naitreti na fosfeti zipo tele, yaani mbolea imejaa lakini shamba halistawi, na wataalamu walikaa na hilo fumbo miaka mingi. Sababu mojawapo inachekesha kidogo: unaenda kupima chuma baharini ukiwa juu ya meli ya chuma, na waya wa chuma, kutu inadondokea kwenye sampuli afu unaandika eti chuma kipo. Mpaka miaka ya 1980 ndo John Martin wa California na wenzake wakapima kwa usafi wa kweli, wakakuta karibu hakuna kitu. Kwenye tani 20,000 za maji ya pale unaweza usipate hata gramu 1.

Na ukifikiria sio ajabu. Msumari ukiuacha ufukweni wiki moja tu ushaota kutu, baharini ni hivyohivyo, chuma kinageuka kutu kinazama. Kwa hiyo lazima kije kingine kila mara, na kinachokileta mbali na nchi kavu ni vumbi la jangwani, barafu inayoyeyuka, chemchemi za moto za kilindini, hata moshi. Moto wa Australia wa 2019 na 2020, majivu yake yalipeperushwa mpaka bahari ya kusini na maji yakawa kijani eneo kubwa kuliko Australia yenyewe. Miezi hiyohiyo vumbi la kusini mwa Afrika lilistawisha maji ya kusini mashariki mwa Madagaska.

Martin mwaka 1988 alitania, nipeni chuma cha kujaza nusu meli niwape zama za barafu. Utani, ila una msingi, maana barafu ya kale ya Antaktika inaonyesha vumbi lilikuwa jingi zaidi wakati wa baridi kali, na hewa ukaa ilishuka hadi kama sehemu 180 kwa kila milioni ya hewa wakati vipindi vya joto ilikuwa kama 280. Chuma hakielezi pengo lote lakini sehemu yake kinaeleza. Alifariki 1993, miezi michache kabla wenzake hawajamwaga chuma karibu na visiwa vya Galapagos na vimea vikaota kweli.

Sasa hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaona maji yamekuwa kijani wanashangilia. Kijani sio hoja! Kimea kikiliwa pale juu, mlaji anapumua na hewa ukaa inarudi angani, hujafanya kitu. Hoja ni kinachozama. Mwaka 2004 watafiti wa meli ya Ujerumani, Polarstern, walimwaga chuma kusini, zikaota diatomu, aina mojawapo ya hivyo vimea, hizi zina ganda la kioo, na angalau nusu yake ikazama kupita mita 1,000, huko kaboni inaweza kukaa karne. Mwaka 2009 meli ileile, safari hii Wajerumani na Wahindi pamoja, chuma kikamwagwa, ila maji hayakuwa na silika, yaani madini ya kioo, ya kutosha kutengeneza hilo ganda, vikaota vimea vingine, wakaja kopepodi, vijidudu jamii ya kamba, wakavila. Kilichozama kidogo sana.

Kwa hiyo akija mtu kukuuzia kredit za kaboni, yaani ulipie hewa ukaa anayodai kuiondoa kwa kumwaga chuma baharini, muulize alipima nini huko chini, sio aje na picha ya setilaiti. Hata kisheria, nchi za mkataba wa London wa kuzuia utupaji taka baharini zilishakubaliana 2008 kwamba kazi hiyo isifanywe nje ya utafiti halali. Afu kuna hili ambalo mimi linanisumbua zaidi: maji ya kusini husafiri chini kwa chini yakaja kulisha bahari za joto, sasa ile naitreti na fosfeti ikiliwa yote kule, maji yatakayofika huku kwenye samaki wetu yatakuwa yamepungukiwa mbolea.