Besi haitoki kwenye milimita

Mtu mwingine akiniuliza kuhusu hedifoni "draiva yake (kile kispika cha ndani) ni milimita ngapi?" nitamtajia namba ya kiatu changu, maana itamsaidia kiasi kilekile. Hii imani kwamba hedifoni ya milimita 50 lazima iwe na besi nzito kuliko ya 40 imekataa kufa, na wanaochapa maboksi wanailea. Basi zile ndogo za kupachika tundu la sikio, zenye draiva ya milimita 10 au pungufu, zikikaa vizuri zinashuka hadi 20 Hz (mitikisiko 20 kwa sekunde) bila taabu. Zimetoa wapi?

Zimetoa kwenye kuziba. Spika ya sebuleni inapambana na hewa ya chumba kizima. Draiva ya hedifoni inasukuma na kuvuta kihewa kidogo tu kilichofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Kikipata upenyo, besi ndiyo ya kwanza kutoroka: mtikisiko wake ni wa taratibu, hewa inapata muda wa kupenya nje kabla mgandamizo haujajengeka. Sauti za juu hata hazina habari. Hebu weka wimbo wenye besi ndefu, kisha penyeza kidole chini ya mto wa hedifoni unaokaa sikioni, pale nyuma ya taya. Upande huo unakauka papo hapo. Sasa kumbuka kwamba vishikio vya miwani, hereni na nywele zilizosukwa vinafanya kazi ya kidole hicho siku nzima, halafu lawama anabebeshwa draiva.

Kwa hiyo kagua mito kabla ya kusoma boksi. Ya ngozi bandia laini inaziba kuliko ya kitambaa, ingawa masikio yatatoka jasho. Uliza kama mito ya kubadilishia inapatikana, kwa sababu ikishalala na kubanduka, besi inaondoka nayo. Hedifoni nyingi zinazotupwa kwa kuwa "zimechoka" zilihitaji mito tu. Na chukua zenye migongo iliyofungwa. Zenye migongo wazi waachie wengine.

Waya au Bluetooth? Kwa besi, usijisumbue. Na boksi likiandika "5 Hz hadi 40 kHz" bila kutaja sauti inapanda na kushuka desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti), hayo ni mapambo.

Kinachonikera zaidi kwenye bei ya kati ni besi ya uongo. Badala ya kunyanyua kati ya 20 na 80 Hz, watengenezaji wanavimbisha 150 hadi 250. Dukani inakupiga usoni ukashangaa. Nyumbani mwimbaji anaimba kama kajifunika blanketi. Usijaribu kwa ngoma peke yake. Sikiliza gitaa la besi chini ya sauti ya mwanamume. Uzi wake mnene kwenye gitaa la nyuzi nne ni takriban 41 Hz. Kama huzitofautishi noti zake, huo ni uvimbe.

Zenye kuzima kelele, zijaribu imewashwa na imezimwa. Nyingi zina maikrofoni ndani ya kikombe inayorekebisha sauti, hivyo besi huponea hata kwenye miwani. Ukizima, unaweza kudhani umevaa nyingine kabisa.

Kiasi gani kinatosha? Hapo wataalamu tunajifanya tunajua. Mtafiti Sean Olive na wenzake wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, waliwasikilizisha watu wengi: walio wengi walipenda besi iliyonyanyuliwa kiasi, lakini wapo waliotaka zaidi, na wapo waliotaka ipungue. Nami grafu za vipimo vya hedifoni siziamini sana chini ya 100 Hz, kwa sababu kichwa bandia cha kupimia hakivai miwani. Na mtikisiko wa kifuani, ule wa spika kubwa, hedifoni haitakupa. Wanaoutafuta kwa kupandisha sauti wanaumiza masikio bure.

Ukilinganisha mbili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kwanza, kwa hiyo inayopiga juu zaidi itashinda hata kama ni takataka. Ukishanunua, ekwalaiza (kirekebishaji cha besi na sauti za juu) ipo: ukiongeza desibeli 4 chini ya 80 Hz, shusha sauti ya jumla kwa 4 hizohizo, la sivyo utasikia inakoroma useme nilikudanganya.