Chai imepoa, mtori bado unaunguza

Julai Moshi kuna baridi yake. Juzi asubuhi, kwenye mgahawa karibu na stendi, tuliletewa chai ya rangi na mtori kwa pamoja, vyote vinafuka. Robo saa baadaye chai ilikuwa inanyweka vizuri. Kijana niliyekuwa naye akachota mtori, akaruka. "Mwalimu, vimekaa meza moja, mbona huu haujapoa?"

Mimi nafundisha fizikia, kwa hiyo alijitakia.

Mwaka 1701 Isaac Newton alichapisha, bila kuweka jina lake, makala yenye kanuni tunayoitumia hadi leo: kasi ya kitu kupoa hufuata tofauti ya jotoridi kati yake na mazingira. Tuseme chai ina nyuzi 80 na chumba 20. Tofauti ni 60. Kama dakika 20 zinaishusha tofauti hiyo nusu, chai itafika 50. Dakika 20 nyingine haziimalizi: zinaifikisha 35 tu. Kadiri inavyokikaribia chumba ndivyo inavyojikokota.

Ila kanuni hii ina sharti ambalo darasani tunalipita mbio: joto la katikati ya kitu na la uso wake liwe karibu sawa. Chai inalitimiza yenyewe. Maji ya juu yakipoa huwa mazito, yanazama, ya moto yanapanda. Kikombe kinajikoroga bila kijiko. Mtori hauwezi. Ndizi zilizopondwa zimeushika, hakipandi kitu wala hakizami, na joto linapenya tabaka kwa tabaka, taratibu mno. Juu nako kumeshika utando unaobana mvuke, na mvuke ni mbebaji mkubwa wa joto: kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huondoka na jouli zipatazo 2,300. Wanaosema "kunywa mtori, nyama utazikuta chini" wangeongeza: na moto utaukuta katikati. Wazoefu huchota pembeni.

Kijana akaniuliza habari za Mpemba. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi mwaka 1963, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa wa moto ukiganda kabla ya uliopozwa; makala yake na Denis Osborne ilitoka 1969, yeye akiwa chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu tu. Kwa Newton peke yake haiwezekani, maana cha moto lazima kwanza kishuke hadi pale cha baridi kilipoanzia. Wanafizikia wangali wanabishana.

Nilipomaliza, mtori wake alikuwa ameshautandaza kwenye sahani.